Saba Iko Wapi? Kiswahili na Suala la Kuwapo kwa Namba

1. Utangulizi

Tangu zama za Plato wanafalsafa wamebishana juu ya swali moja gumu: je, ulimwengu na namba vipo vyenyewe, au vipo kwa sababu iko akili inayovifikiri? Plato alizihesabu namba miongoni mwa mambo yasiyozaliwa wala kufa. George Berkeley, mwaka 1710, alishikilia kwamba kuwapo kwa kitu ni kutambuliwa kwake na nafsi fulani. Naye L.E.J. Brouwer, mwanahisabati wa Uholanzi, katika tasnifu yake ya mwaka 1907, aliifanya hisabati nzima kuwa zao la akili.

Mjadala huu unamhusu mwanaisimu wa lugha za Kiafrika kwa sababu mahsusi. Wako wataalamu mashuhuri waliojaribu kuyajibu maswali ya aina hii kwa kuitazama sarufi. Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alizitumia ngeli za Kinyarwanda kupambanua mafungu manne ya kuwapo: mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. John Mbiti, mwaka 1969, alizichunguza njeo za Kikamba na Kigikuyu, akahitimisha kwamba katika fikra ya jadi ya Kiafrika wakati ujao wa mbali ni kama haupo. Wala mwenendo huu si wa Afrika pekee: Émile Benveniste, mwaka 1958, alionyesha jinsi mafungu ya Aristotle yanavyolingana na sarufi ya Kigiriki.

Endapo njia hii ni sahihi, mwanafunzi anayesoma falsafa kwa Kiswahili aweza kuambiwa moja kati ya mambo mawili, na yote mawili yatamnyima haki ya kufikiri: ama lugha yake haiwezi kuliuliza swali, ama imekwisha kulijibu kwa niaba yake. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa mfano wa namba, kwamba hakuna lililo kweli kati ya hayo.

2. Kuwapo na mahali

Kiswahili hueleza kuwapo kwa viambishi vya mahali. Husemwa mwalimu yupo, maji yako kisimani, mchele umo guniani. Hata pasipotajwa mahali popote, kama katika kauli kwamba Mungu yupo, kiambishi hubaki pale pale. Hali kadhalika maneno pana, kuna na mna yote yametokana na ngeli za mahali. Jambo hili si la Kiswahili tu. Kwasi Wiredu wa Ghana ameeleza kwamba katika Kiakan pia kuwapo ni kuwa mahali, naye akalitumia hilo kuhoji baadhi ya madai ya falsafa ya Ulaya.

Kwa hiyo anayeuliza kama saba ipo huzua papo hapo swali jingine: iko wapi? Yafaa kuona jinsi viambishi vitatu vinavyoweza kugawiwa wanafalsafa. Brouwer angesema imo, yaani imo akilini. Plato angesema iko, yaani iko huko mbali, mahali pasipoonyeka kwa kidole. John Stuart Mill, ambaye mwaka 1843 alizifanya kweli za hesabu kuwa matokeo ya kuvichunguza vitu, angesema ipo, yaani ipo hapa hapa, katika vitu vyenyewe.

Mgawanyo huu unapendeza, lakini si hoja. Kiambishi hakimlazimishi mzungumzaji kuamini kwamba kila kilichopo kina makao. Asemaye kwamba ipo sababu ya ugomvi hadai kuwa sababu hiyo imekaa kitini. Gottlob Frege, mwaka 1884, alitoa mfano ambao msomaji wa Kenya anauelewa vizuri, nao ni Ikweta. Mstari huo haushikiki wala haumkwazi mpita njia. Hata hivyo, hakuna aliyeubuni. Fikra imeutambua tu. Kibao kilichosimamishwa kando ya barabara karibu na Nanyuki chaweza kung'olewa na kusogezwa, lakini mstari wenyewe hausogei kwa kukifuata. Kutoshikika ni jambo moja, na kutegemea akili ni jambo jingine.

3. Ushahidi wa upatanisho

Huenda ikadaiwa kwamba namba ni sifa ya vitu, kwa kuwa katika Kiswahili hupatana na nomino kama zipatanavyo sifa nyingine: vitabu vizuri, vitabu viwili. Dai hili huvunjika mara tu mtu anapohesabu hadi kumi. Husemwa vitabu vitano. Kisha vitabu sita, vitabu saba. Upatanisho hurejea katika vitabu vinane, na hutoweka tena katika vitabu tisa na vitabu kumi. Iwapo upatanisho ndio shahidi wa kuwapo, basi tano ni sifa ya vitabu, sita na saba ni vitu vinavyojitegemea, nane imerudi kuwa sifa, na tisa imejitenga tena. Hakuna mwanafalsafa awezaye kuikubali picha hiyo.

Maelezo yaliyo wazi ni ya kihistoria. Sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, nayo hayakupokea viambishi vya ngeli. Kumi ni neno la Kibantu, lakini nalo halichukui viambishi hivyo. Kabla ya maneno hayo ya Kiarabu kutamalaki, yalikuwako ya asili: tandatu, fungate na kenda. Kenda bado hufahamika na wazee na washairi, na fungate imesalia katika siku saba zinazofuata harusi. Kenda ilipoachia nafasi yake kwa tisa, msamiati wa hesabu ulibadilika, lakini hapana mfugaji aliyepata au kupoteza mbuzi kwa sababu hiyo. Kilichokufa ni jina.

4. Doti na korija

Hoja iliyo nzito zaidi ilitolewa na Berkeley mwenyewe. Alisema kwamba urefu ule ule ni 1, 3 au 36, kwa kadiri akili inavyoutazama kwa yadi, futi au inchi. Basi namba ni kiumbe cha akili. Mfano wa pwani ungekuwa huu. Mwenye duka ameweka mezani kanga ishirini. Akiulizwa ana kanga ngapi, jibu ni ishirini. Akiulizwa ana doti ngapi, jibu ni kumi. Akiulizwa ana korija ngapi, jibu ni moja. Rundo halikuguswa, nayo majibu ni matatu.

Jibu la Frege lilikuwa kwamba idadi haiambatani na rundo, bali na dhana inayotumiwa kulihesabu. Katika Kiswahili dhana hiyo hutajwa waziwazi, kwa kuwa neno ngapi halisimami bila nomino iliyotajwa au inayoeleweka. Uchaguzi wa doti au korija ni wa watu. Lakini uchaguzi ukishafanywa, jibu halichaguliwi tena. Mwenye duka hawezi, hata kwa hila, kuzifanya kanga ishirini zigawanyike katika doti tisa pasi na kubaki kitu. Berkeley alithibitisha kwamba kipimo hutoka kwa watu. Hakuthibitisha kwamba matokeo nayo hutoka kwao.

5. Miongo na kete

Tofauti hiyo yaonekana dhahiri katika kalenda ya Nairuzi, iliyowaongoza mabaharia na wakulima wa pwani. Mwaka uligawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Miongo 36 ni siku 360, zikaongezwa siku tano, jumla 365. Ugawaji huo ulikuwa wa watu, na ungaliweza kuwa mwingine. Lakini mzunguko wa dunia kulizunguka jua hutimia kwa siku 365 na karibu robo. Kwa hiyo kalenda isiyo na siku ya nyongeza huachana na majira kwa takriban siku moja kila miaka minne, na kwa karibu mwezi mzima kila miaka 120. Ile robo ya siku haikumo katika hesabu ya miongo, wala haikungoja kutambuliwa na mtu ili ifanye kazi yake. Huo ni ushahidi mzuri wa ulimwengu usiotegemea akili: ni ule unaomsahihisha anayeuhesabu.

Mchezo wa bao hutoa mfano wa namba zenyewe. Mashimo 32 na kete 64 ni kanuni iliyowekwa na wachezaji. Lakini kwamba kete 64 hazigawiki sawasawa kwa watu watatu si kanuni ya mchezo. Hakuna fundi wa bao aliyeiweka, na hakuna awezaye kuitangua.

6. Hitimisho

Mfuasi wa Kant aweza kujibu kwamba lazima hiyo hutoka katika umbile la akili ya binadamu wote, si katika namba zilizo nje yake. Jibu hilo ni la kuheshimiwa. Hali kadhalika, anayemfuata Plato hana budi kujibu swali lililotolewa na Paul Benacerraf mwaka 1973: kama namba haziko mahali wala wakati wowote, mtu huzijuaje? Mabishano hayo hayajakwisha, na sarufi haiwezi kuyakatia hukumu.

Hata hivyo Kiswahili kina nyenzo ya kuliuliza swali vizuri zaidi, nayo si viambishi vya mahali, bali ni kiambishi -nge-. Badala ya kuuliza saba iko wapi, yafaa kuuliza: kama pasingekuwa na mtu hata mmoja, je, mawe matatu karibu na mawe manne yangekuwa saba? Swali hili halidai makao ya namba. Linadai tu kujua kama ukweli wake ungedumu pasipo mwenye kuufikiri. Mwanafunzi wa Nairobi aweza kuliuliza kwa lugha hii, akalijibu kwa kukubali au kwa kukataa, na katika kila jibu akapaswa kutoa hoja. Ngeli za nomino zake hazitamjibia.