"Nina mawazo"

Kila mwaka natoka zangu Thornton Heath alfajiri, napanda treni ya Victoria kwenda mkutano wa wanasaikolojia tiba. Watu huniuliza: mnafuata nini huko?

Jibu la kwanza ni la kisheria. Tangu mwaka 2009 jina la kazi yetu linalindwa hapa Uingereza. Anayelitumia lazima asajiliwe, na aliyesajiliwa lazima aendelee kujifunza.

Jibu la pili ndilo linaloniamsha mapema. Dodoso la PHQ-9, la kupimia sonona (Wakenya husema unyogovu), lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Lakini Mswahili akiulizwa ana nini, husema tu, "Nina mawazo." Mkalimani mmoja aliitafsiri neno kwa neno, daktari akaelewa kuwa mtu ana fikra tele, akamruhusu aende. Kumbe mama wa watu alikuwa hali halali, ameshakata tamaa.

Basi kila mwaka nasimama wakati wa maswali, nawaambia wenzangu: ukisikia "mawazo", usiishie kuandika. Uliza: Unalala? Unakula? Unatamani kufa? Kuuliza hakumtii mtu wazo la kujiua. Humfungulia mlango aseme.