Ramani ya Brussels, jua la Oicha

Mambo huanza na picha kwenye simu. Mtoto wa Oicha anayeishi Brussels, Montréal au Louisville anamtumia kaka yake picha ya nyumba iliyo mtaani kwake: paa limefichwa nyuma ya ukuta, vioo vinaanzia sakafuni hadi juu, jiko limo ndani na limeungana na sebule. Kaka anaipeleka kwa fundi. Fundi anapiga hesabu ya matofali na saruji, pesa inaanza kuingia kidogo kidogo, na baada ya mwaka mmoja au miwili wazee wanahamia. Wiki ya kwanza ni ya furaha na wageni. Wiki ya pili mama ameshatoa kiti chake nje, chini ya mwembe, kwa sababu ikifika saa tisa alasiri sebule haikaliki.

Nyumba ile haikuchorwa vibaya, ila ilichorwa kwa ajili ya jua jingine.

Huko Ulaya adui wa nyumba ni baridi. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, nchi za kaskazini zilianza kutafuta namna ya kuishi bila kuchoma mafuta mengi majira ya baridi. Mwaka 1991, katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, familia nne zilihamia kwenye nyumba zilizoungana ambazo leo hutajwa kama mfano wa kwanza wa kile Wajerumani wanachokiita Passivhaus. Kuta zake zilivishwa tabaka nene la kuzuia joto lisitoroke, madirisha yakawekwa vioo vitatu vitatu, na vioo vikubwa vikaelekezwa kusini kunasa jua. Brussels, jua la Desemba likiwa juu kabisa adhuhuri, halivuki digrii 16 kutoka upeo wa macho, na kioo kikubwa hulikaribisha ndani kama mgeni wa heshima. Wakongo waliofika huko wameona bili ya kupasha nyumba joto ikishuka kwa sababu ya nyumba kama hizo. Si ajabu kwamba wanatamani kuwajengea wazazi wao kitu hichohicho.

Oicha ni makao makuu ya teritori ya Beni, kilomita 30 hivi kaskazini ya mji wa Beni, kwenye barabara ya taifa namba 4 inayoelekea Komanda na Bunia. Mstari wa ikweta uko karibu sana: mji hauko hata digrii moja kaskazini yake. Mchana joto hukaribia digrii 30, usiku hushuka chini ya 20, na mvua haikai mbali kwa muda mrefu. Hakuna mwezi ambao mtu anahitaji kuwasha moto ili alale. Kinachohitajika ni kivuli, upepo na paa lisilogeuka kuwa sufuria.

Na hapo ikweta inatoa zawadi ambayo ramani ya Brussels haiijui. Kwa miezi sita hivi, kuanzia mwisho wa Machi, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa Oicha. Miezi sita mingine hupita kusini. Lakini haliinami sana: hata Juni na Desemba, adhuhuri huwa juu kwa digrii 66 au 67. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini, ukifunikwa na upenu wa paa uliotokeza sentimita 90, hupata adhuhuri kivuli cha takriban mita mbili kwenda chini. Asubuhi na alasiri mstari wa kivuli hicho hupanda: katika miezi hiyo, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri huwa mita moja na nusu hivi chini ya upenu.  Fundi anaweza kuuchora ukutani kwa chaki na kuweka dirisha kati yake na upenu akijua kwamba jua kali halitakigusa kioo chake.

Mashariki na magharibi ni habari nyingine kabisa. Saa kumi jioni jua limeshuka hadi digrii 30 hivi, na upenu uleule wa sentimita 90 unafunika nusu mita tu ya ukuta. Kioo kikubwa kinachotazama magharibi hupokea jua lote la jioni, na chumba hubaki na joto lake hadi watu wanapoenda kulala. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa kuokoa nishati hauhitaji hata dola moja: nyumba ilazwe kwa urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, vyumba vipate madirisha kaskazini na kusini, na pande mbili fupi zipewe choo, stoo au ukuta mtupu. Parseli, yaani kiwanja, ikiwa nyembamba na imekaa vibaya, barza pana au mti wa kivuli upande wa magharibi utasaidia sana. (Neno hilo barza, ambalo Wakongo hulitumia hata wakizungumza Kifaransa, ni baraza yetu hiihii. Nyumba nyingi za zamani za mashariki ya Kongo zilikuwa nalo kabla ya mtindo wa ukuta mtupu kuja.)

Paa ndilo linalopigwa na jua kuliko ukuta wowote. Bati halina unene wa maana. Jua likiligonga linapata moto upesi, kisha linautupa moto huo chini kwenye vichwa vya watu. Wanaojenga kwa haraka huacha plafon, yaani dari, iwe kazi ya baadaye, na baadaye hiyo mara nyingi haifiki. Ni kosa kubwa, kwa sababu plafon ya mbao nyembamba au hata ya mikeka, ikiachiwa nafasi ya hewa kati yake na bati, na nafasi hiyo ikatobolewa matundu kwenye kuta za pembeni za paa, hufanya kazi ambayo feni haiwezi kuifanya. Hewa ya moto hutoka juu, ya kawaida huingia chini ya upenu. Matundu yazibwe kwa wavu, la sivyo popo watahamia kabla ya wenye nyumba. Bati la rangi nyeupe au la fedha hurudisha jua angani; nyekundu iliyoiva na nyeusi, ambazo zinapendwa siku hizi, hulimeza.

Aliyelionyesha jambo hili dunia nzima ni mtoto wa kijiji aliyekuwa ughaibuni. Diébédo Francis Kéré alizaliwa Gando, Burkina Faso, akaenda Ujerumani akiwa seremala, akasomea usanifu Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha pesa za kujenga shule kwao. Hakupeleka Gando nyumba ya Berlin. Alijenga kuta na dari kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kisha akaliinua paa la bati juu kabisa ya dari hiyo, likasimama kwenye vyuma vyembamba, upepo ukipita katikati. Shule ilikamilika mwaka 2001, ikapata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo. Gando kuna joto kali kuliko Oicha. Kama paa la aina hiyo lilitosha kule, nusu yake inatosha kwa wazee wa Oicha.

Hata hivyo, nishati nyingi ya nyumba hutumika kabla mtu hajalala ndani yake hata usiku mmoja. Inatumika kwenye tanuru.

Tofali la kuchoma ni fahari ya Beni na Butembo, na fahari hiyo ina sababu: linadumu, na linatenganisha nyumba ya aliyefanikiwa na ile ya miti na udongo. Lakini tanuru la kienyeji, lile la kupanga matofali na kuacha midomo ya moto chini, hupoteza joto jingi pembeni na juu, na hula kuni kwa siku kadhaa mfululizo. Butembo, kwenye milima, watu wamepanda mikaratusi kwa miaka mingi. Oicha imekaa kati ya msitu wa Ituri na sehemu ya kaskazini ya hifadhi ya Virunga, na tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuandama vijiji vya Beni, kwenda shambani au msituni kukata kuni kumekuwa kwenda na roho mkononi. Mtu anayeagiza matofali elfu kumi kutoka mbali hana budi kufikiri ni nani atakayezitafuta kuni hizo, na wapi.

Njia nyingine iko jirani tu. Katika miaka ya 1950, mhandisi Raúl Ramírez alitengeneza huko Bogotá, Colombia, mashine ya mkono ya kushindilia udongo, iliyokuja kujulikana kama CINVA-Ram. Kampala, Dakta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliendeleza wazo hilo kwa matofali yanayoshikana yenyewe, yakiwemo ya kupinda kwa ajili ya matangi ya maji. Udongo mwekundu huchujwa, huchanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, hutiwa maji kidogo na kushindiliwa. Tofali hilo halichomwi. Linawekwa kivulini, linafunikwa, linanyunyiziwa maji kwa wiki nzima, na linaachwa likomae hadi mwezi. Kwa kuwa matofali haya yanashikana, yanahitaji chokaa kidogo ya kuunganishia, na ukuta wake mzito hupokea joto la mchana polepole. Si kila udongo unafaa, ila kuupima ni rahisi: jaza nusu chupa ya udongo, ongeza maji, tikisa, uache utulie, uangalie tabaka la mchanga na la mfinyanzi. Udongo ukiwa wa mfinyanzi mtupu, tofali litapasuka.

Kuna sehemu moja ambayo saruji haifai kubanwa hata kidogo. Oicha iko kando ya bonde la ufa. Tarehe 20 Machi 1966 ardhi ilitetemeka kati ya Ziwa Edward na Ziwa Albert, ikaua watu zaidi ya 100 na kubomoa maelfu ya nyumba pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Uganda. Mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha, unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, si anasa. Hapo ndipo mifuko ya saruji inayopita mpaka wa Kasindi itumike.

Jiko nalo linastahili neno, tena la wazi. Oicha, ukisema makala, watu wanaelewa mkaa. Mama anayepika kwa makala hawezi kupewa jiko la ndani lililofungwa na vioo, kwa sababu moshi usioonekana wa makala huua watu wakiwa wamelala. Jiko la nje, lenye dari ya juu na matundu, ni hekima iliyokuwepo tangu zamani, na jiko lililoboreshwa lenye kuta za udongo hupunguza magunia ya makala kwa mwezi. Atakayeongeza mtungi wa gesi aongeze, ila jiko la nje lisifutwe kwenye ramani.

Umeme wa jua huja mwisho. Nyumba iliyopangwa vizuri inahitaji taa chache za LED, chaji ya simu, labda redio na friji ndogo, kwa hiyo paneli mbili tatu na betri nzuri zinatosha. Paneli za Ubelgiji hulazwa kwa mwinamo wa digrii 35 hivi zikitazama kusini. Oicha zinapaswa kulala karibu tambarare, digrii 10 tu, ili mvua izisafishe. Paa hilohilo huvuna na maji: milimita 20 za mvua kwenye mita za mraba 80 ni lita 1,600, kama mchirizi haujaziba.

Na kweli mchirizi huziba. Nyumba ya Oicha huchakaa kwa mchwa kwenye fremu, kwa mvua inayorusha matope chini ya ukuta, kwa misumari ya bati iliyolegea, na kwa ukimya pia: familia inaweza kukimbia usiku mmoja na kurudi baada ya miezi. Kwa hiyo kila kitu kiwe cha aina ambayo fundi wa hapo anaweza kukitengeneza. Dirisha la aluminiamu lililoagizwa Dubai likivunjika, litazibwa kwa turubai. Klostra, yaani matofali yenye matundu yaliyopangwa juu ya madirisha, haivunjiki kirahisi, inapitisha hewa usiku kucha, na mwizi hapiti. Kwa mji ambao watu hufunga milango mapema, tundu lisilohitaji kufungwa lina thamani kubwa kuliko kioo chochote.

Aliye mbali hawezi kusimamia haya yote kwa simu, lakini anaweza kuomba picha mbili kabla ya kutuma pesa ya paa, wakati kenchi za kwanza zimesimama na turubai imetandikwa juu kuonyesha upenu. Moja ipigwe saa sita mchana upande ambao jua limeelekea, kaskazini au kusini, nyingine saa kumi jioni upande wa magharibi. Katika ya kwanza kivuli kifunike dirisha lote. Katika ya pili aangalie jua limefika wapi ndani ya chumba, kwenye sakafu ambayo mama yake ataweka kiti.