Buku ya kazi imeingia ndani ya telefone

Wazee wengi wa kwetu wangali wanachunga karatasi za kazi ndani ya valizi: kontra, karatasi za mshahara, barua za kompani. Juu ya nini? Siku ya kuomba malipo ya uzee, karatasi njo ushahidi. Asiyekuwa nazo anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu, hata kama alitumika miaka 30. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nchi ya Brazili, yenye migodi mingi sawa kwetu, ilijua shida hiyo. Tangu mwaka 1932 watumishi wa kule walikuwa na buku ya kazi. Patroni aliandika mule siku ya kuanza, mshahara na siku ya kuacha. Lakini buku inaweza kupotea, kulowana, ao kuungua.

Mwaka 2014 serkali yao ikatoa amri ya kuanzisha njia ya ordinatere inayoitwa eSocial. Mwaka 2015 ilishika watumishi wa nyumbani, na mwaka 2018 kompani kubwa. Patroni anatuma kwa serkali, mahali pamoja, habari zote: nani ameingia kazini, analipwa ngapi, makuta gani yamekatwa, nani ameumia, nani amefukuzwa. Kisha, katika mwezi wa 9 mwaka 2019, buku ya karatasi ikaachia nafasi buku ya telefone. Mtumishi anafungua, anajisomea mwenyewe.

Tazama vile mazungumzo yanageuka. Kule, patroni analazimishwa kuweka kila mwezi 8% ya mshahara ndani ya akiba ya mtumishi, bila kuikata kwa mshahara wenyewe. Leo mtumishi anaitazama akiba ile kwa telefone. Kama mwezi mmoja haukulipwa, hangoji mpaka siku ya kufukuzwa. Anaenda kwa biro ao kwa sendika na hesabu mkononi. Haombi huruma, anauliza haki. Hata mapatano ya sendika na mapatroni yanaandikishwa kwa wizara ya kazi kwa njia ya ordinatere, na kila mtu anaweza kuyasoma.

Lakini tusidanganyike. Masini inajua paka kile mtu ameandika ndani. Kule Brazili mamilioni ya watu wanatumika bila kuandikwa, na buku ya telefone haiwaoni. Mzee asiyejua kusoma naye anabaki nyuma kama hakuna wa kumsaidia. Tena, telefone haiwezi kukaa mezani mbele ya patroni. Anayekaa pale ni mtu.

Na kwetu Kongo? Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaomba patroni ampe mtumishi hesabu ya mshahara kwa maandishi, na watumishi wachague madelege wao. Haki hizo hazingoji ordinatere.

Basi wewe kijana unayejua telefone, keti na baba ao mama jioni moja. Toeni karatasi za valizi, muzipange mwaka kwa mwaka, muzipige picha, mutazame kama kuna mwezi unaokosekana. Kama uko, baba asinyamaze: aende kwa delege wake kungali mapema. Siku njia mpya itafika kwetu, itawakuta na hesabu tayari.