Wingu Kubwa Lisiloonekana Juu ya Chuno

Jaribu jambo hili. Katikati ya mwezi Mei, mvua zikiwa zimekoma na kusi imeanza kuvuma, keti nje ya nyumba yako hapo Chuno, mjini Mtwara, yapata saa tatu za usiku. Zima taa ya barazani, kisha geuza uso kusini, upande wa Mto Ruvuma. Baada ya robo saa macho yatakuwa yamelizoea giza, nawe utaiona Salibu imesimama wima. Ubavuni mwake lipo doa jeusi, mfano wa tundu katika Njia Nyeupe. Hilo si tundu. Ni wingu zito la vumbi linalouziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Mkono wa kulia, katika kundi la Mkuku, kipo kiwaa cha mwanga kama moshi mwembamba. Hicho nacho ni wingu, ila hili ni la gesi inayong'aa kwa mionzi ya nyota zilizozaliwa humo. Wataalamu huyaita mawingu hayo nebula.

Lakini kubwa lao hutaliona, hata uwe na macho makali kama ya mwewe. Liko magharibi zaidi, na upana wake unazidi digrii 30. Yaani ungeweza kupanga miezi mipevu zaidi ya 60 kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Linaitwa Nebula ya Gum, kwa jina la Colin Gum, mtaalamu wa Australia aliyeyaorodhesha mawingu ya anga ya kusini mwaka 1955. Aliligunduaje jambo lililofichika namna hiyo? Hakutumia darubini kubwa. Alitumia kamera yenye kuona eneo pana, pamoja na kioo cha kuchuja mwanga.

Leo kazi kama hiyo hufanywa na watu wa kawaida, walimu, mafundi na makarani, kwa mapenzi tu, baada ya saa za kazi.

Tone kwa tone

Jicho la binadamu hukusanya mwanga kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huuacha na kuanza upya. Kamera haina pupa hiyo. Ikiachwa wazi, mwanga hujikusanya ndani yake kama maji ya manyunyu katika ndoo iliyowekwa chini ya paa. Tone moja si kitu, lakini asubuhi ndoo imejaa. Mwaka 1880 Henry Draper, daktari wa Marekani aliyependa elimu ya nyota, aliiacha kamera yake wazi kwa dakika 50 na kupata picha ya kwanza ya nebula iliyo katika kundi la Jabari. Mwanga alioukamata ulikuwa umesafiri kwa miaka ipatayo 1,300.

Kuna kikwazo kimoja. Dunia huzunguka, na kwa sababu hiyo nyota huonekana kusogea digrii 15 kila saa. Kamera yenye lenzi pana ya milimita 35, ikikaa tuli juu ya miguu yake mitatu, baada ya sekunde 15 hivi huanza kuzichora nyota kama vistari. Kwa hiyo hutumika mtambo mdogo unaoizungusha kamera polepole kuifuata anga. Mhimili wa mtambo huo hauna budi kuelekezwa kwenye ncha ya kusini ya anga, ambayo kwa mtu wa Chuno iko digrii 10 tu juu ya upeo wa macho, tena haina nyota angavu ya kuionyesha. Dira, kipimo cha mwinamo na subira ndivyo vinavyomsaidia.

Mwanga wa rangi moja

Haidrojeni ya mawinguni hutoa wekundu wake mahususi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Oksijeni hutoa rangi ya kijani kibichi yenye kuelekea buluu, nanomita 500.7. Mpigapicha huweka mbele ya lenzi, au ndani ya kamera, chujio linaloruhusu ukanda mwembamba sana wa rangi, na kuzuia nyingine zote. Taa za barabarani, na hata mbalamwezi, hupunguzwa sana, wingu hubaki. Ieleweke kwamba kamera nyingi za dukani zina kioo ndani kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu huo, hivyo fundi hulazimika kukiondoa.

Kwa kuwa chujio hupunguza mwanga, picha moja huchukua dakika tano au zaidi. Akipiga 40 za namna hiyo, mtu amekwisha kesha saa tatu na dakika 20. Kisha kompyuta huzilundika kuwa moja. Hesabu yake ni ngumu kidogo kwa mwenye haraka: ili picha itakate mara mbili, hazina budi kupigwa mara nne zaidi.

Mtwara ina masharti yake pia. Wingu la Gum hupanda juu kabisa jioni za Machi, wakati mvua ingali inanyesha. Mei linapatikana kwa saa mbili tu baada ya giza kuingia. Nafasi nyingine ni Novemba kabla ya mvua, kuanzia saa saba za usiku hadi karibu na alfajiri. Na hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Lenzi isiyofutwa na kuhifadhiwa pakavu huota ukungu.

Tusifiche kwamba vifaa hivi ni ghali, na si busara familia ijinyime mahitaji yake kwa ajili ya picha. Shule au kikundi cha vijana kinaweza kununua kimoja na kukitumia kwa zamu. Hamu ya kujua haikosekani nchini. Tarehe 1 Septemba 2016 maelfu ya watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama kupatwa kwa jua kipete, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amewaeleza wananchi habari za anga kwa miaka mingi.

Taa zetu

Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, imekuja kuupa mji huu umeme, na hakuna anayetamani kurudi gizani. Mama anayerudi nyumbani usiku anahitaji njia yenye mwanga. Lakini taa inayomulika mawingu haimsaidii. Inapoteza umeme na kuwafuta angani Kilimia na Jabari, nyota ambazo wazee wetu walizitumia kupanga kilimo na kuongoza vyombo. Chujio la mpigapicha linaweza kuziepa taa hizo kwa kiasi. Jicho la mtoto halina chujio.

Basi, iwekee taa yako kifuniko iangaze chini, na uizime mnapokwenda kulala. Hilo halihitaji kamera wala fedha. Na siku mwanao atakapouliza lile doa jeusi kando ya Salibu ni nini, liwe bado lipo la kumwonyesha.