Mafuta Yafaayo kwa Tarumbeta

Mwezi wa Septemba mwaka 2018 bendi ya kanisa letu iliitwa kwenda kupiga katika maziko ya mzee mmoja, kusini ya mji wa Wote katika Makueni. Marehemu alikuwa mpiga tarumbeta katika ujana wake, naye alikuwa amemwagiza mkewe ya kwamba siku atakapofariki apelekwe kaburini kwa sauti ya tarumbeta. Tukasafiri tangu alfajiri kutoka Kitui, tumepakia ngoma mbili na tarumbeta tatu, na vumbi la njia likatuingia hata ndani ya masikio. Ilipofika saa ya kuinua wimbo wa kwanza, mpigaji wetu mkuu alibonyeza pistoni ya pili ya tarumbeta yake, nayo ikashuka isipande tena. Akaigonga kwa kidole, akaivuta kwa kucha, haikutoka. Tarumbeta ya pili nayo ilikuwa nzito kama mlango wa ghala uliovimba wakati wa mvua. Ile ya tatu ilikuwa mikononi mwa kijana aliyejua nyimbo mbili tu, na wimbo ule haukuwa mmoja wao. Basi mzee yule alizikwa kwa sauti za waimbaji peke yao, na mjane wake alikuwa akitutazama.

Chanzo cha aibu hiyo tulikigundua jioni ile ile. Kijana mmoja wa bendi, kwa nia njema kabisa, alikuwa amezipaka tarumbeta mafuta usiku wa kuamkia safari, ili zing'ae na kwenda upesi. Mafuta aliyoyatumia ni yale ambayo mama yake hukaangia mandazi.

Naandika habari hii kwa kuwa katika pande zetu za Kitui na Makueni bendi ni nyingi, za makanisa na za shule, na vyombo vyake vimenunuliwa kwa michango ya watu ambao pengine waliuza mbuzi ili kuvipata. Hata hivyo ukiwauliza wapigaji kumi ni mafuta gani yafaayo kwa tarumbeta, utapata majibu kumi. Mmoja atasema mafuta ya taa, mwingine ya cherehani, mwingine ya kujipaka mtoto, na wa kumi atakuambia kwamba mate yatosha.

Tarumbeta si jambo geni kwetu. Tangu mwisho wa karne ya 19 watu wa Mombasa na Lamu walikuwa na vyama vya beni, vilivyoiga gwaride na muziki wa bendi za Wazungu, na baada ya Vita vya Kwanza michezo hiyo ilienea bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Hata Ukambani ilikuwako ngoma iliyoitwa mbeni. Wakamba wengi waliandikwa katika King's African Rifles, na humo wakasikia bendi za shaba kila siku. Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka 1921, lilikuja na desturi yake ya kuhubiri njiani pamoja na bendi. Kwa hiyo si ajabu kumkuta mkulima wa mtama katika kijiji cha ndani ajuaye kupiga tarumbeta kuliko karani wa mjini.

Ili kuchagua mafuta, kwanza hapana budi mtu afahamu yanakwenda kufanya kazi gani. Tarumbeta ya zamani za kale ilikuwa bomba tupu, na mpigaji alipata sauti chache tu kwa kukaza na kulegeza midomo. Mwaka 1818 Wajerumani wawili, Stölzel na Blühmel, walipewa hati katika Prussia ya uvumbuzi wao wa valvu, na karibu miaka ishirini baadaye Périnet wa Paris akaitengeneza pistoni ya namna ile tunayoibonyeza hata leo. Pistoni ni mche wa madini wenye matundu, unaopanda na kushuka ndani ya silinda. Ukiibonyeza, pumzi huelekezwa kupita katika bomba la ziada, njia ya pumzi ikawa ndefu, na sauti ikashuka. Pistoni ya kwanza, iliyo karibu na mdomo wa mpigaji, hushusha sauti nzima. Ya pili hushusha nusu. Ya tatu hushusha sauti moja na nusu.

Sasa, nafasi iliyopo kati ya pistoni na silinda yake ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Ikiwa kubwa zaidi ya hapo, pumzi huvuja na sauti hupoteza nguvu. Mafuta yatakiwayo humo yana kazi mbili zinazovutana: yawe mepesi kiasi cha kuiacha pistoni ipande upesi kwa springi ndogo iliyo dhaifu, na tena yawe na uzito wa kuziba nafasi ile pumzi isipite. Yakizidi uzito, pistoni huchelewa. Yakizidi wepesi, huvuja na kukauka mapema.

Ndiyo sababu mafuta ya kupikia hayafai hata tone moja. Mafuta ya mimea, yakikaa hewani na katika joto, hugeuka kuwa kama gundi, na yakichanganyika na vumbi jekundu la kwetu hupata kuwa udongo wa kufinyangia. Mafuta ya cherehani na ya injini ni mazito kupita kiasi kwa springi ya tarumbeta. Mafuta ya kujipaka, yale ya mgando, ni mabaya zaidi, wala hayastahili kukaribia pistoni. Kuhusu mafuta ya taa, nakiri ya kwamba wazee waliyatumia, na hawakuwa wajinga: mafuta ya valvu ya namna ya zamani yanatokana na petroli ghafi kama yale ya taa, ila yamesafishwa sana. Lakini mafuta ya taa ya dukani hayakusafishwa kwa kazi ya chombo kinachowekwa mdomoni. Yana harufu, hukauka upesi, na ni hatari kuyameza au kuyavuta pamoja na pumzi. Na mpiga tarumbeta, kila mtu ajua, huvuta pumzi kubwa.

Mafuta ya valvu yauzwayo kwa kazi hiyo hasa, katika chupa ndogo ya mililita 60 hivi, ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni hayo niliyoyataja, yatokanayo na petroli ghafi, kama Al Cass, ambayo wapigaji wa Marekani wameyatumia kwa miaka mingi. Ni mepesi, pistoni huruka nayo, na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Ubaya wake ni kukauka upesi. Katika nchi ya baridi mpigaji aweza kuvumilia, lakini katika joto la Mutomo au la Kibwezi, chombo kikiachwa juani wakati wa hotuba ndefu (nazo hotuba zetu si fupi), mafuta haya huhitaji kutiwa tena na tena. Namna ya pili ni mafuta yaliyotengenezwa na wataalamu wa kemia kwa kazi hii. Haya hukaa siku nyingi zaidi na huilinda shaba vizuri zaidi isiliwe na unyevu wa pumzi. Bei yake ni juu kidogo, lakini chupa moja hufika mbali.

Mafuta haya ya pili hutolewa kwa uzito mbalimbali, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Yamaha wanayo mepesi, ya kawaida, na mazito ambayo huyaita ya vyombo vya kale. Hetman huyahesabu kwa nambari, 1 ikiwa nyepesi na 3 nzito. Tarumbeta mpya, ambayo pistoni zake bado zimebana, yataka mafuta mepesi. Iliyotumika miaka michache yataka ya kawaida. Tarumbeta kuukuu, iliyopita mikono mingi, pistoni zake zimelika na nafasi imepanuka, nayo yataka mafuta mazito ili yazibe pengo. Bendi nyingi za kwetu hununua au hupewa vyombo vilivyokwisha kutumika ng'ambo, kisha mtu huenda Nairobi akaomba mafuta mepesi kwa kuwa amesikia ya kwamba mepesi ndiyo yenye mbio. Chombo kikitoa sauti hafifu, mpigaji hulaumiwa bure.

Liko jaribio jepesi la kujua hali ya pistoni, nililofundishwa na mzee mmoja aliyestaafu katika bendi ya jeshi. Usibonyeze pistoni yo yote. Shika bomba dogo la ziada la pistoni ya pili, ulitoe polepole hata litoke kabisa. Likitoka kwa mlio, kama kizibo kitokacho katika chupa, basi pumzi haivuji na mafuta ya kawaida yatosha. Likitoka kimya, mahali fulani pana uvujaji. Mara nyingi ni pistoni iliyolika, na hapo jaribu mafuta mazito, ukarudie jaribio.

Mzee huyo ndiye tuliyempelekea tarumbeta zetu baada ya maziko yale. Alipoinusa ya kwanza alinyamaza kitambo.

“Mwanangu,” akaniuliza, “hapa mmekaanga nini?”

Nikamweleza yote. Akauliza tena, “Je, mmeitia koleo?”

Nikamwambia ya kwamba tulitaka kuitia, lakini hatukupata koleo mahali pale.

“Mshukuruni Mungu kwa umaskini wenu,” akasema. “Pistoni ikikwaruzwa au silinda ikibonyea, hakuna mafuta yatakayoiponya.”

Tarumbeta alizitia katika beseni ya maji yenye uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akaziacha saa nzima, ndipo pistoni zikalegea na kutoka kwa mkono. Maji ya moto aliyakataza, maana hubandua rangi ya kung'aa iliyopakwa juu ya shaba. Alikataza pia maji ya kisima kirefu. Watu wa Kitui ya kusini wajua jinsi maji hayo yalivyo na chumvi, na jinsi yanavyoacha utando mweupe ndani ya birika. Utando huo huo hushika ndani ya silinda. Bora maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika tangi, au yale ya mto wa mchanga ikiwa ni matamu. Alizipangusa pistoni kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, akazikausha, kisha ndipo akatia mafuta. Kutia mafuta mapya juu ya uchafu wa zamani, alisema, ni kama kuvaa shati safi bila kuoga. Na anayetaka kuhama kutoka mafuta ya namna moja kwenda ya namna nyingine yampasa kuosha kwanza vivyo hivyo, kwa maana yakichanganyika pengine hunata.

Namna ya kutia ni hii. Fungua kifuniko cha juu cha pistoni moja tu, uivute kwa unyofu hata nusu yake itokeze, udondoshe matone matatu hata matano juu ya mwili mnene wa pistoni, uirudishe, kisha uizungushe polepole hata usikie inashika mahali pake kwa mlio mdogo. Usidondoshe mafuta kupitia tundu la kifuniko cha chini. Huko chini ndiko takataka zinakotulia, na mafuta huzipandisha. Usizitoe pistoni tatu kwa pamoja ikiwa wewe ni mgeni wa kazi hii. Kila moja imechongwa nambari yake, 1, 2 au 3, nazo hazibadilishani silinda. Ukipuliza na pumzi ikagoma kabisa kupita, usidhani chombo kimevunjika: pistoni imewekwa katika silinda isiyo yake, au imegeuka. Mabomba ya kuvuta, yale ya kurekebishia sauti, hayahitaji mafuta haya. Hayo hupakwa grisi yake nzito.

Tarumbeta zetu mbili zilipona. Katika ile iliyokuwa imekwama, mzee alikuta shaba ya bomba karibu na mdomo ina madoa mekundu, dalili ya kwamba zinki iliyochanganywa na shaba ilikwisha kuliwa na mate na chakula. Tangu siku hiyo hakuna ruhusa ya kupiga mara baada ya kula pasipo kusukutua, jambo lililoleta manung'uniko mengi siku za harusi.

Kwa kuwa mimi ni karani, nami ndiye mwenye ufunguo wa kabati ya vyombo, nilifungua daftari. Kila tarumbeta ina ukurasa wake: umri kama unajulikana, matokeo ya jaribio la mlio, namna ya mafuta, na siku iliyooshwa. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hata Oktoba, tunaosha kila mwezi kwa ajili ya vumbi. Mvua zikinyesha twaweza kungoja miezi miwili. Mafuta hutiwa kila siku ya kupiga, kabla ya kupiga. Tarumbeta mpya hutumia chupa yenye alama ya bluu na zile kuukuu mbili alama nyekundu, nazo chupa zote mbili hukaa ndani ya kabati, mbali na jua na mbali sana na jiko.

Mwezi wa Septemba mwaka 2019 familia ya marehemu ilifanya ibada ya ukumbusho, nasi tukaomba wenyewe ruhusa ya kuja. Tukapiga wimbo ule tulioshindwa kuupiga mwaka uliotangulia, beti zote nne, kando ya kaburi. Mjane alitusikiliza hata mwisho, kisha akatuuliza kama twaujua na mwingine.