Susu aliniuliza mchanga ulienda wapi

Kama umewahi kutoka Kibwezi ukielekea Kitui, basi umepita Ikutha. Pengine ulikuwa umelala kwa matatu. Unavuka mto Athi, unaacha Makueni nyuma, halafu joto linakuingia bila kubisha hodi. Huku ndiko kwa nyanya yangu, susu kwa Kikamba, na huku ndiko nilirudi nilipoacha chuo.

Sitakuzungusha. Niliacha kwa sababu ya karo, halafu kwa sababu ya aibu, halafu nikazoea. Nilikuwa nasoma mambo ya kompyuta, mwaka wa pili. Nilifika bomani na begi moja na laptopu ya kioo kilichopasuka, na bado nilijiona ndiye msomi wa pale.

Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kupakia mchanga. Lori linaingia mtoni usiku, vijana sita tunashika koleo, kufika alfajiri kila mtu ana soo tano zake. Nairobi inajengwa kila siku, na mjengo haukosi mchanga. Sikuuliza maswali. Wewe ungeuliza?

Sasa nikueleze kuhusu mito yetu, maana kama umekulia mjini kama mimi utaiona ni mikavu tu. Juu hakuna kitu, ni kama barabara ya mchanga. Maji yako chini, katikati ya chembe za mchanga, mahali ambapo jua haliwezi kuyafikia. Akina mama wanachimba kisima kwa mkono, wanakizungushia miiba ili ng'ombe wasiingie, na wanangoja maji yajikusanye polepole. Susu akitafuta pa kuchimba huangalia kwanza miti. Penye mkuyu, anasema, maji hayako mbali. Ukitoa mchanga, umetoa tangi lenyewe. Mvua ikija maji yanapita mbio kwenda baharini.

Mwezi wa tisa kisima cha susu kilifika kwenye mwamba, na bado hakuna maji. Jioni, akichambua kunde, aliniuliza kwa upole: "Mjukuu wangu, mchanga wa pale juu ulienda wapi?"

Nikasema sijui. Nafikiri alijua.

Hakunihubiria. Wiki iliyofuata aliniambia magoti yanamuuma, niende mwethya mahali pake. Mwethya ni ule umoja wa Wakamba wa kufanya kazi pamoja: leo tuko shambani kwako, kesho kwangu, na deni halilipwi kwa pesa, linalipwa kwa mgongo. Wakoloni waliwahi kuugeuza kuwa kazi ya lazima ya kuchimba matuta, na watu wakauchukia. Lakini haukufa. Ni vikundi kama hivi, kwa mfano Utooni, kilichoanza 1978 upande wa Machakos, vilivyofanya mabwawa ya mchanga yajulikane hadi ng'ambo. Hapa Kitui, shirika la SASOL limejenga mamia pamoja na wanavijiji tangu miaka ya 1990.

Bwawa la mchanga ni ukuta tu, unaokatiza mto. Mafuriko yanaleta mchanga, ukuta unaushika, na misimu michache baadaye una tangi kubwa ambalo hakuna anayeliona. Lakini ukuta lazima ukae juu ya mwamba, la sivyo maji yatapita chini yake. Na mwamba uko wapi? Fundi alikuja na futi yake na vyuma vya kupimia. Akina mama walimwonyesha mara moja, kwa sababu kila ukame visima vyao vilikuwa vikigonga mahali palepale. Alipima, akakuta ni hapo.

Mimi nikatoa simu nirekodi. Si unajua, content. Mama mmoja wa rika la susu akaniwekea jiwe mikononi. "Shika hili kwanza," akasema. Siku ile nilisikia mambo mengi: miaka ya njaa na majina yake, nani aligawia nani mahindi, mti gani ukichanua unaanza kulima. Yote yalisemwa mawe yakipita mkono kwa mkono. Ukikaa kando hupati kitu. Si kwamba wanaficha, ni vile hakuna anayesimama kukueleza.

Mtu wa Kitui aliyeandika haya yakasomwa dunia nzima ni John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka wa 1931. Kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Waafrika kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu hajitoshi, anakuwa mtu kwa sababu wengine wapo. Nilikuwa nimewahi kuona maneno kama hayo yameandikwa kwa tisheti. Pale mtoni, nikiwa na jiwe mkononi na soo tano za lori mfukoni, yalikuwa mazito kidogo.

Usiku ule nikamwambia susu ukweli. Alinyamaza mpaka nikadhani amesinzia. Kisha: "Usiniambie mimi peke yangu. Maji hayo tulikuwa tunakunywa wengi."

Kwa hivyo Alhamisi nikasema mbele ya kikundi chote. Sitakudanganya kwamba walinikumbatia. Mama mmoja alisema mtoto wake alikuwa akiamka saa tisa usiku kufuata maji mbali, halafu akainua jembe akaendelea na kazi. Kuna wawili ambao hadi leo wananisalimia kwa kichwa tu. Mwenyekiti aliniuliza lori huingilia wapi, nikawaonyesha. Siku hiyo tukapaziba kwa mawe na miiba. Vijana niliokuwa nikipakia nao hawanipigii tena simu.

Kabla ya mvua za Novemba susu alinipa mbegu za kunde, konzi mbili, zimechanganywa na jivu ili wadudu wasizile. Mbegu zake haziko kwake peke yake, ziko kwa nyumba kadhaa. Zikimfia, anajua zilipo. Nikamuuliza nitamrudishia ngapi nikivuna.

"Konzi tatu," akasema. "Na si kwangu. Umpelekee yule mama ambaye mtoto wake alikuwa akiamka saa tisa."