Kanga, choki na marisau: hesabu ya kumwangusha ndege bila kumjeruhi

Kanga aliyepata punje moja ya marisau tumboni haanguki. Huruka kama kawaida, akavuka bonde, akatua kichakani na kufa kesho yake mahali ambapo mwindaji hatafika. Mwindaji naye hurudi nyumbani akiamini amemkosa. Kwa wenye leseni wanaowinda kanga na kwale katika Nyanda za Juu Kusini, hasara hiyo haimalizwi na shabaha peke yake. Inamalizwa pale choki, ukubwa wa marisau na umbali vinapochaguliwa pamoja, kwa kumfikiria ndege anayewindwa.

Tuanze na chombo chenyewe. Bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani, hairushi risasi moja. Ganda la kipimo cha 12 lenye gramu 32 za marisau namba 6 ya Marekani hubeba punje zipatazo 250. Namba zenyewe zina mtego: namba 6 ya Marekani ina kipenyo cha milimita 2.8, ya Uingereza milimita 2.6. Anayenunua asome milimita zilizoandikwa kwenye boksi.

Punje hizo hutoka mtutuni zikiwa zimeshikana, kisha hutawanyika kadiri zinavyosonga mbele. Choki ni mbano ulio kwenye ncha ya mtutu, nao ndio unaoamua zitawanyike mapema au zikawie. Fundi W. W. Greener wa Birmingham, Uingereza, aliufanya mbano huo ujulikane sana katika miaka ya 1870. Mtutu wa kipimo cha 12 una kipenyo cha milimita 18.5 hivi. Choki robo huubana kwa robo milimita, choki nusu kwa nusu milimita, na choki kamili kwa milimita moja hivi. Tofauti hizo ni ndogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho, lakini matokeo yake ni makubwa.

Kipimo kinachotumika duniani ni duara la sentimita 76 lililowekwa yadi 40, yaani karibu mita 37. Mtutu usio na choki huingiza humo asilimia 40 ya punje zake, choki robo asilimia 55, choki nusu asilimia 60, na choki kamili asilimia 70.

Sasa tumweke kanga ndani ya duara hilo. Eneo lake ni sentimita za mraba 4,500 hivi. Tukadirie kwamba sehemu za kanga ambazo punje ikiingia humwangusha, yaani kifua, mapafu, shingo na mifupa ya mbawa, zina sentimita za mraba 150. Kwa choki nusu, punje 150 kati ya 250 zimo ndani ya duara, hivyo kila sentimita 30 za mraba hupata punje moja, na kanga hupata tano. Kwa mtutu usio na choki, punje zilizomo ni 100 tu, na kanga hupata tatu. Huo ni wastani, kwa kuwa punje hazijipangi sawasawa. Wastani wa tano huacha nafasi ya bahati mbaya. Wastani wa tatu unaweza kumwachia ndege punje moja, naye akaenda nayo.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza ukubwa wa punje. Gramu 32 zilezile za punje za milimita 3.3 huleta punje 150 tu. Kila punje ni nzito zaidi na huzama ndani zaidi, lakini kwa choki nusu kanga huyo atapata tatu. Ukienda upande wa pili, ukachagua punje za milimita 2.4, utakuwa nazo karibu 390 na kanga atapata karibu nane. Shida ni kwamba punje nyepesi hupoteza kasi upesi, na kwa mita 37 zinaweza kuishia kwenye manyoya na nyama ya juu. Hizo ni za kwale, ndege mdogo anayeibuka miguuni na kupigwa kwa mita 20 au 25, tena kwa choki robo. Kwa kanga, punje za milimita 2.8 hadi 3 na choki nusu hubeba pande zote mbili, wingi na uzito.

Hapa ndipo ushauri wa wawindaji wa bata mzinga wa Marekani unapopotosha. Dume wa bata mzinga hufikisha kilo nane hadi kumi. Mwindaji hujificha, humwita kwa mlio, kisha humpiga akiwa amesimama, akilenga kichwa na shingo. Shabaha hiyo ni ndogo sana, kwa hiyo punje zinatakiwa zije kwa msongamano mkubwa. Ndiyo maana hutumia mbano mkali kupita choki kamili na maganda yenye hata gramu 57 za marisau. Ukimfuata kanga anayeruka mita 20 kutoka ulipo kwa vifaa hivyo, duara lako bado ni dogo mno: ama utamkosa kabisa, ama utamsaga nyama yote.

Mazingira yetu nayo yana neno. Njombe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15 hadi 18. Punje huhifadhi kasi kidogo zaidi, lakini faida hiyo isimfanye mtu apige kwa mbali. Makambako, kwa upande wake, inajulikana kwa upepo. Upepo wa ubavuni husukuma zaidi punje ndogo kuliko kubwa, na msukumo huongezeka kadiri umbali unavyoongezeka. Siku ya upepo mkali, jibu la kweli ni kusogea karibu.

Lipo pia suala la madini. Marisau mengi ni ya madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtu na kwa ndege wanaookota punje ardhini. Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini tangu 1991, na Umoja wa Ulaya ukayazuia katika ardhioevu tangu 2023. Mbadala wa bei nafuu ni chuma. Lakini chuma kina msongamano wa 7.8 dhidi ya 11.3 wa risasi, kwa hiyo punje yake inatakiwa iwe kubwa kwa namba mbili hivi. Tena chuma hakibonyei kikipita kwenye mbano. Kitumike kwa choki robo au nusu, na kisitumike kabisa kwenye mitutu ya zamani isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Hesabu hizi zote ni za kuanzia. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja hutawanya tofauti, na ganda lilelile hubadilika tabia kutoka choki hadi choki. Mwamuzi ni karatasi pana ya mita moja na zaidi. Isimamishe kwa umbali unaowindia, mahali halali na salama, piga mara tatu kwa karatasi tofauti, chora duara la sentimita 76 pale matundu yalipojaa, kisha uhesabu. Angalia pia mapengo: kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kifua cha kanga kikikaa bila tundu, umbali huo umeshapita uwezo wa bunduki yako.

Gobore lililojazwa vipande vya nondo haliwezi kupimwa hivyo, kwa kuwa vipande visivyolingana haviruki kwa mpangilio unaorudiwa. Hilo ni kosa la kiufundi juu ya kosa la kisheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka leseni ya kuwinda, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni ya silaha. Leseni hizo zinakupa ruhusa ya kupiga. Umbali ambao hutauvuka unajiwekea mwenyewe kwa kuhesabu matundu, na mwenye bunduki aujue kwa mita kabla hajaingia porini.